Uchambuzi: Baada ya Windows 10, maabara za kompyuta za Bugembe zielekee wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, uliokuwa umeingia sokoni Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka kama zilivyokuwa zikiwaka, na barua zinaandikwa na kuchapwa kama kawaida. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya bure, yaani yale marekebisho yanayoziba kila mwanya mpya unaogunduliwa na wezi wa mtandaoni. Kuanzia hapo kila mwezi unaopita huongeza idadi ya milango isiyo na komeo.

Ulaya na Marekani habari hiyo ilijadiliwa kwa miezi mingi. Huku kwetu, kandokando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Iganga na Mbale, ilipita kimyakimya. Hata hivyo inawagusa watu wengi wa Bugembe: wenye maduka ya uchapaji na fotokopi, vyama vya kuweka na kukopa, ofisi za misikiti na makanisa, na zaidi ya wote shule za sekondari zinazofundisha somo la ICT. Bodi ya shule inayokaa kujadili bajeti ya maabara sasa inakabiliwa na swali lenye thamani ya mamilioni ya shilingi za wazazi, na mara nyingi mtu pekee anayeijibu ni muuzaji.

Ugumu unatokana na masharti ya Windows 11. Mfumo huo hudai kompyuta iwe na kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core orodha hiyo, isipokuwa kwa aina chache, huanzia kizazi cha 8, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta nyingi zinazofika katika shule zetu ni mitumba iliyokwisha kufanya kazi miaka mitano au zaidi katika ofisi za ng'ambo, na nyingi kati ya hizo ni za vizazi vya chini ya hapo. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya masharti haya. Si kwamba zimeharibika. Zimekataliwa tu.

Tuanze na njia ambayo wakuu wa shule wengi hawajaambiwa, kwa sababu hakuna muuzaji anayepata faida kwayo. Microsoft yenyewe inauza masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa miaka mitatu, na bei zake zinatofautiana kwa namna ya kushangaza. Kampuni au taasisi ya kawaida hulipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha bei hujirudufu kila mwaka: 122, halafu 244. Taasisi ya elimu yenye leseni ya elimu hulipa dola 1 mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 3,600, maabara yenye kompyuta 20 italipa shilingi 72,000 mwaka wa kwanza, na jumla ya shilingi 504,000 kwa miaka yote mitatu. Kompyuta hizohizo zikihesabiwa kuwa za kampuni, gharama ya miaka mitatu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mtu binafsi naye amewekewa dola 30 kwa mwaka mmoja unaoishia Oktoba 2026, au bure akikubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft.

Pana kikwazo, nacho ni neno "leseni". Nafuu hii ya dola moja haipatikani kwa shule ambayo Windows yake iliwekwa na fundi kutoka kwenye flashi na kufunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli. Jambo hili linajulikana na kila mtu aliyewahi kutengenezewa kompyuta katika miji yetu, ila halitajwi katika vikao vya bodi. Uganda ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2006. Kabla ya kulinganisha mfumo mmoja na mwingine, bodi inapaswa kuuliza kwanza kama mfumo uliopo ni mali yake.

Njia ya pili ni kununua mashine zinazokubali Windows 11. Hapa mnunuzi anahitaji kujifunza kusoma namba, maana jina la biashara hudanganya. Wauzaji husema "hii ni i7" kana kwamba hilo limemaliza mjadala. Prosesa iitwayo Core i7-3770 ni ya kizazi cha 3, na Windows 11 haiikubali. Core i3-8100, ambayo kwa jina inaonekana ya chini, ni ya kizazi cha 8 na inakubalika. Katika namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi. Hali kadhalika, Dell OptiPlex 7040 na OptiPlex 7060 hufanana kwa sura na rangi, lakini ya kwanza ina prosesa za kizazi cha 6 na ya pili za kizazi cha 8. Shule inayonunua mashine 20 kwa kuangalia stika ya nje inaweza kulipa bei ya ile ya pili ikapata ile ya kwanza. Mkataba wa ununuzi utaje namba ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na aina ya diski, na mashine mojamoja zifunguliwe na kukaguliwa kabla fedha hazijatoka.

Uganda iliwahi kujaribu kuifunga njia hii ya mitumba. Katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza majokofu, televisheni na kompyuta zilizotumika, kwa hoja ya kulinda mazingira. Kwa upande wa kompyuta marufuku hiyo haikudumu. Shule zilihitaji mashine, na mashine mpya hazikuweza kununulika.

Njia ya tatu ni kuiacha Windows na kuweka Linux katika mashine zilezile. Linux ni programu huria: hailipiwi leseni, na matoleo yake mepesi, kama Linux Mint yenye mazingira ya Xfce, huendeshwa katika kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu bila kusuasua. Kwa wasiowahi kuitumia hili husikika kama jambo la majaribio. Sivyo. Wizara ya Afya ya Uganda hukusanya takwimu za vituo vya afya nchi nzima kwa DHIS2, programu huria iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ukurasa wa masomo wa mtandaoni wa Makerere umejengwa juu ya Moodle, ambayo nayo ni huria. Aidha, shughuli nyingi za ofisi siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari: usajili wa watahiniwa wa UNEB, ankara za EFRIS za Mamlaka ya Mapato, barua pepe. Kivinjari hakijali kimekaa juu ya mfumo gani.

Hapa lazima tuseme neno juu ya utendaji, kwa kuwa ndipo ulinganisho mwingi unapopotoka. Takwimu za mwendokasi zinazochapishwa na watengenezaji hupimwa kwa kazi ambazo mwanafunzi wa Bugembe hafanyi. Katika darasa la dakika 40, kinachohesabika ni dakika ngapi zinapita tangu kitufe kibonyezwe hadi mwanafunzi aandike neno la kwanza. Mashine inayochukua dakika tano kuwaka imekula sehemu moja ya nane ya kipindi. Iwapo wanafunzi 60 wanagawana kompyuta 20, kila mmoja hubaki na chini ya dakika 12 za kugusa kibodi. Na chanzo cha ucheleweshaji huo mara nyingi si prosesa wala mfumo endeshi. Ni diski ya zamani inayozunguka. Ukiibadilisha kwa diski ya SSD, ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta, mashine ya miaka kumi huwaka kwa muda usiozidi dakika moja, iwe ina Windows au Linux. Kwa maoni ya mwandishi huyu, bodi yoyote inayofikiria kununua maabara mpya ianze kwa kununua SSD moja na kuitia katika mashine yake mbovu kuliko zote, kisha iite kikao upya.

Wengine hupendekeza kuachana na kompyuta kubwa kabisa. Raspberry Pi, kibao cha kompyuta kilichobuniwa Uingereza, kilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, na hutumia wati chache tu. Lakini bei hiyo haina skrini, kibodi, kebo wala chaja. Skrini za zamani zenye plagi ya VGA huhitaji kiunganishi. Na kadi ya kumbukumbu ambayo mfumo umehifadhiwa ndani yake huharibika kwa urahisi umeme ukikatika ghafla. Mwishoni mwa mwaka 2025, isitoshe, bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi, na vibao hivi havikusalimika. Upo pia mtindo wa kompyuta moja yenye nguvu inayolisha vituo vingi vyenye skrini na kibodi pekee. Hupunguza umeme na hurahisisha matengenezo. Ila mashine hiyo moja ikifa, darasa zima limekufa, na ikiwa ni wiki ya mtihani wa vitendo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyeweka mayai yote kapu moja.

Umeme ndio gharama isiyoandikwa katika nukuu ya muuzaji. Bugembe iko karibu na Nile, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na kituo cha Bujagali chenye megawati 250 kiko kilomita chache tu kutoka hapa. Ujirani huo haujamfanya mtu yeyote alipie Yaka bei ya chini. Tangu Aprili 2025, kampuni ya umma ya UEDCL ilipochukua usambazaji kutoka kwa Umeme, kilichobaki palepale ni kwamba uniti hulipiwa kabla ya kutumika. Tufanye hesabu kwa kukisia shilingi 800 kwa uniti, saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 36 kwa mwaka. Kompyuta 20 za mezani pamoja na skrini zake, kila moja ikila wati 100, zitatumia uniti 2,160 kwa mwaka, yaani shilingi 1,728,000. Kompyuta mpakato 20 za wati 25 zitatumia uniti 540, yaani shilingi 432,000. Tofauti ni karibu shilingi milioni 1.3 kila mwaka, na kwa miaka mitano inapita milioni 6. Kompyuta mpakato ina sifa nyingine: betri yake, ikiwa bado nzima, hulinda kazi ya mwanafunzi umeme unapokatika, wakati ile ya mezani huhitaji kifaa cha akiba kinachouzwa peke yake na ambacho betri zake nazo huchoka. Kasoro yake ni kwamba huibwa kwa urahisi, na kibodi ikiharibika si jambo la kununua nyingine dukani na kuichomeka.

Gharama ya data nayo si ya kupuuzwa. Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti tangu Julai 2021, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Sasisho moja kubwa la Windows laweza kufika gigabaiti kadhaa. Kompyuta 20 zikilipakua kila moja kivyake, kifurushi cha mwezi humalizika usiku mmoja. Linux nayo ina masasisho yake. Mifumo yote miwili inaruhusu kompyuta moja ipakue na kuzigawia nyingine ndani ya maabara, lakini lazima awepo mtu anayejua kuipanga hivyo. Mtu huyohuyo angeweza kuweka Kolibri au Kiwix, programu zinazohifadhi masomo na ensaiklopidia nzima ili zisomwe bila intaneti.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha ulinganisho huu, yaani watu. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamisha ofisi zake kutoka Windows kwenda Linux, likamaliza kazi hiyo baada ya miaka kumi, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Wapenzi wa kila upande huutumia mfano huo kwa namna yao. Mwaka 2005 shirika la Bridges.org lililinganisha programu huria na zile za kulipia katika maabara za umma za Namibia, Afrika Kusini na Uganda, na halikupata upande unaoshinda kila mahali; kilichoamua ni mazingira, ujuzi na msaada uliopo karibu. Kwa Bugembe maana yake ni hii: mafundi wa Windows wapo Jinja mjini, hatua chache kwa boda boda. Shule isiyopata fundi wa Linux karibu italazimika kumwita kutoka Kampala, kilomita 80, na nauli yake, chakula chake na siku yake ni sehemu ya bei ya mfumo unaoitwa wa bure.

Mitihani nayo ina neno lake. Walimu wengi wa ICT hufundisha machapisho kwa Microsoft Publisher na hifadhidata kwa Microsoft Access. LibreOffice, inayokuja na Linux, hutosheleza vizuri kwa uandishi, majedwali na mawasilisho. Kwa hifadhidata programu yake ya Base ni dhaifu zaidi, na mwanafunzi aliyezoea Access hupotea. Kwa upande mwingine, Microsoft yenyewe imetangaza kwamba Publisher itaondolewa Oktoba 2026. Kwa hiyo mwalimu anayekataa Linux kwa kuwa haina Publisher anatetea programu ambayo mwenyewe ameshaichimbia kaburi. Kumfundisha mtoto kazi ya kupanga ukurasa ni jambo moja, kumfundisha vitufe vya programu moja ni jingine.

Kwa wasikilizaji wetu wa Kiswahili kuna jambo la ziada ambalo halionekani katika jedwali la bei. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa chuo hicho chini ya mradi wa Kilinux. Waliweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa ya mtu kwa sababu ilikuwa programu huria. Microsoft nayo ilitoa tafsiri yake ya Kiswahili. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, ingetarajiwa kuona angalau kompyuta moja katika kila maabara ikizungumza na mwanafunzi kwa Kiswahili. Mipangilio hiyo ipo katika mifumo yote miwili, na haigharimu shilingi.

Majirani wametutangulia katika kununua kwa wingi, na matokeo yao yanafaa kusomwa. Rwanda ilianza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child, zilizotangazwa duniani kuwa za dola 100 lakini zikaishia karibu mara mbili ya bei hiyo. Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na vifaa vilipoanza kugawiwa miaka mitatu baadaye vilikuwa tableti. Nchini Peru, ambako kompyuta zilezile za mradi huo zilisambazwa, watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walifuatilia shule 319 na kueleza mwaka 2012 kwamba hawakuona watoto wakiboreka katika hisabati wala lugha. Vifaa vilifika, masomo ya kuviendea hayakufika.

Basi bodi ya shule ya Bugembe, au ya Mbale, ifanye nini ikiwa na mashine 20 za kizazi cha 6, diski za kuzunguka na gigabaiti 4 kila moja? Mwandishi huyu asingenunua maabara mpya. Angetia SSD katika zote, na kumbukumbu hadi gigabaiti 8 zile zitakazotumika zaidi. Angeweka Linux katika 14, kwa ajili ya uandishi, majedwali, intaneti na masomo ya Kolibri. Virusi vingi vinavyosafiri kwa flashi za wanafunzi vimeandikwa kwa Windows na huko havina la kufanya. Angebakiza 6 zenye Windows 10 halali kwa ajili ya Access na maandalizi ya mtihani, akizilipia masasisho ya dola moja, yaani shilingi 21,600 kwa mwaka wa kwanza. Mpango huu una udhaifu: mwalimu atalazimika kujua mifumo miwili, na shule yenye mwalimu mmoja anayehamishwa kila mwaka heri ibaki na mmoja tu, hata kama ni wa gharama zaidi. Chama cha kuweka na kukopa, ambacho kimeshika fedha za watu na hakipati nafuu ya elimu, hakina sababu ya kulipa dola 427 kwa miaka mitatu kuokoa mashine ya zamani. Hicho kinunue iliyo halali na mpya zaidi.

Muhula mmoja unatosha kupima. Chukua mashine mbili zinazofanana, moja iwe na Windows na nyingine Linux, ziwekwe mezani zikitumiwa na madarasa yaleyale. Mwalimu aandike katika daftari dakika za kuwaka, siku zilizokwama, mara fundi alipoitwa na alicholipwa, uniti za Yaka na megabaiti za data. Daftari hilo lifike kwenye kikao cha bodi kabla ya nukuu ya muuzaji.